Saratani: Uvimbe Umepungua, Lakini Mgonjwa Anaishi Vipi?

Kwa miaka mingi watafiti wa saratani walipima mambo mawili tu: uvimbe umepungua kwa kiasi gani, na mgonjwa ameishi miezi mingapi. Jambo la tatu, ambalo nyumbani ndilo la kwanza kuulizwa, halikuwa na pahali katika daftari zao. Analala? Chakula kinapita? Anaweza kujiogesha mwenyewe? Uchungu umemzidi au unavumilika? Leo jambo hilo lina jina, ubora wa maisha, lina hojaji zake, na limezaa tafiti zilizobadilisha namna saratani inavyotibiwa. Makala haya yanaeleza baadhi ya tafiti hizo, zile ambazo familia ya hapa Pwani yenye mgonjwa ingefaa kuzijua, kwa sababu maamuzi makubwa, kama kuuza kiwanja, kusafiri Nairobi au kumrudisha mzee nyumbani, mara nyingi hukatwa barazani kabla daktari hajaulizwa.

Wenye kuhusika si wachache. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 42,116 hapa Kenya, na vifo 27,092. Wengi wetu hufika hospitali ugonjwa umeshakwenda mbali. Hapo swali la "anaishi vipi" lina uzito kuliko kule ambako uvimbe hugunduliwa ungali punje.

Nyuma ya neno "sijambo"

Kupima ubora wa maisha si kazi rahisi, na kwa Mswahili ni ngumu zaidi. Mgonjwa wetu ana adabu zake. Daktari akipita wodini na kuuliza, "Vipi mama, umeamkaje?" atajibiwa, "Salama mwanangu, tunamshukuru Mungu." Mama huyo pengine hakufumba jicho usiku kucha. Daktari naye ataandika kwamba hali ni nzuri, na hatakuwa amedanganywa, amejibiwa salamu.

Ndiyo sababu watafiti waliacha maswali ya jumla wakatunga ya kupambanua. Hojaji inayotumika zaidi duniani ni ile inayoitwa QLQ-C30, ya shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, EORTC, iliyochapishwa mwaka 1993. Ina maswali 30. Inauliza kama unapata tabu kwenda mwendo mrefu, kama unahitaji msaada kuvaa au kwenda msalani, kama ulichefukwa roho, kama uchungu ulikuzuia shughuli zako, kama ulikosa usingizi. Maswali 28 hujibiwa kwa ngazi nne, tangu "hata kidogo" mpaka "sana", na mawili ya mwisho yanamtaka mgonjwa aipe afya yake na maisha yake alama, kuanzia 1 hadi 7. Liko pia swali la pesa: je, ugonjwa au matibabu yamekutia katika dhiki ya fedha? Hojaji hii imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya mia, Kiswahili kikiwemo, na ilishatumiwa kwa wagonjwa wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Katika utafiti huo uliotoka mwaka 2012, maumivu na dhiki ya pesa ndiyo yaliyojitokeza kuwa mizigo mizito. Hakuna aliyeshangaa, nadhani, lakini sasa imeandikwa na imepimwa, na kilichopimwa mtu anaweza kwenda nacho wizarani.

Afrika pia tumetunga kipimo chetu. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, APCA, chenye makao yake Kampala, kina hojaji fupi ya maswali kumi. Saba ni ya mgonjwa, matatu ya mtu anayemuuguza. Tiba shufaa ni ile tiba ya kumwondolea mgonjwa mateso ya mwili na ya moyo, iwe ugonjwa unaponyeka au hauponyeki. Mgonjwa huulizwa maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana utulivu wa nafsi. Anayemuuguza huulizwa kama amepata maelezo ya kutosha na kama anajiamini katika kumhudumia mgonjwa wake. Binafsi naipenda kwa hayo matatu ya mwisho. Anayekesha ni binti au mke wa mgonjwa, na hojaji nyingi za Ulaya humsahau.

Titi, na karne moja ya kukata zaidi

Mfano mzuri wa utafiti kubadili maisha ya watu ni saratani ya titi. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Fikra yake ilikuwa kwamba ukikata zaidi utaokoa zaidi. Wanawake walibaki na kifua kilichobonyea, na mkono uliovimba hata hawawezi kuteka ndoo ya maji. Hilo liliendelea kwa zaidi ya miaka sabini bila mtu kulipima kwa haki.

Kulipima kwa haki maana yake ni kupiga kura. Wagonjwa wanaofanana na waliokubali hugawanywa kwa bahati nasibu. Kundi hili lapata tiba hii, lile lapata ile, kisha wanafuatwa kwa miaka. Daktari hachagui nani aende wapi, kwa sababu akichagua atawapeleka wenye nguvu upande anaoupenda yeye. Milano, Italia, daktari Umberto Veronesi alifanya hivyo na wanawake 701. Marekani, kundi la daktari Bernard Fisher lilianza mwaka 1976 na kuwafuata wanawake 1,851. Wengine waliondolewa titi lote, wengine uvimbe tu, wengine uvimbe kisha wakapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 20 ya tafiti zote mbili yalichapishwa mwaka 2002: walioondolewa uvimbe pekee waliishi sawa na walioondolewa titi zima. Tofauti ilikuwa pengine. Katika utafiti wa Fisher, bila mionzi saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa wanawake 39 katika kila mia. Kwa waliopata mionzi, 14.

Sasa angalia maana yake kwetu. Kubakiza titi kunahitaji mashine ya mionzi, na kwa miaka mingi mashine ya serikali nchini Kenya ilikuwa Hospitali ya Kenyatta peke yake. Mwanamke wa Faza au Vanga aliyeambiwa titi litolewe lote hakushauriwa vibaya. Pengine daktari alihesabu nauli, foleni na malazi ya Nairobi. Lakini ana haki ya kuambiwa kwamba njia zilikuwa mbili na kwa nini amepewa hii.

Safari zenyewe nazo zimefanyiwa utafiti. Zamani mionzi ya titi ilikuwa mara 25 kwa wiki tano. Uingereza ikaonyesha kwamba mara 15 kwa wiki tatu zatosha. Kisha ukaja utafiti uitwao FAST-Forward, wenye wagonjwa 4,096, uliochapishwa mwaka 2020: mara tano tu, ndani ya wiki moja. Baada ya miaka mitano, kipimo cha chini kati ya viwili vya wiki moja vilivyojaribiwa kilizuia saratani kurudi vizuri kama kile cha wiki tatu, na madhara yake kwenye ngozi na nyama yalikaribiana. Kwa mtu wa London hiyo ni nafuu. Kwa mtu aliyetoka Lamu akalala kwa jamaa Eastleigh, ni tofauti ya kumaliza tiba na kuikatiza. Ni hivyo hivyo kwa saratani iliyofika kwenye mifupa: tafiti nyingi zimeonyesha kwamba pigo moja la mionzi hutuliza maumivu sawa na mapigo kumi, ila aliyepigwa mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuhitaji kurudia baadaye. Mgonjwa wako akiandikiwa siku kumi kwa ajili ya maumivu ya mfupa, uliza kama moja haitoshi. Ziko sababu za kitabibu za kuongeza, lakini swali si utovu wa adabu.

Boston, 2010

Utafiti ambao ningetaka kila familia iujue ulifanyika katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, chini ya daktari Jennifer Temel. Wagonjwa walikuwa 151, wote wametoka kugunduliwa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, ambayo haina kupona. Kura ikapigwa. Nusu walipata tiba ya kawaida ya saratani. Nusu ya pili walipata tiba hiyo hiyo, na juu yake wakaanza mara moja kuonana na wahudumu wa tiba shufaa, waliowatazama maumivu, pumzi, usingizi, hofu, na mipango yao ya mbele.

Baada ya wiki 12, kundi la pili lilikuwa na alama za juu za ubora wa maisha. Waliokuwa na dalili za sonona walikuwa asilimia 16, dhidi ya asilimia 38 upande wa pili. Hayo yalitarajiwa. Lisilotarajiwa ni kwamba kundi hilo, ingawa wachache zaidi kati yao walipigwa dawa kali siku za mwisho, liliishi zaidi: nusu yao walivuka miezi 11.6, na wenzao miezi 8.9.

Hapa pana haja ya tahadhari. Ilikuwa hospitali moja, ugonjwa wa aina moja, na tafiti zilizofuata hazikuona kila mara nyongeza hiyo ya miezi. Nafuu ya maisha ya kila siku ndiyo iliyoonekana mara nyingi zaidi, ingawa si kubwa kila mahali. Lakini jambo moja limebomoka kabisa: ule usemi kwamba ukimpeleka mgonjwa hospisi umemkatia tamaa, ati unamharakishia kifo. Hakuna aliyeharakishwa. Mombasa tuna Coast Hospice, pale kwenye eneo la Hospitali Kuu ya Pwani, na bado watu hupafikia wakiwa wamebakisha siku za kuhesabu, wakati faida iliyopimwa Boston ilipatikana kwa kuanza siku za kwanza.

Utafiti wa pili unaokaribia huo ni wa New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering. Daktari Ethan Basch na wenzake waliwachukua wagonjwa 766 waliokuwa wakipata tibakemikali. Baadhi yao walipewa njia ya kuripoti wenyewe dalili 12 za kawaida kwa kompyuta: kutapika, kuhara, maumivu, kukosa hamu ya kula na kadhalika. Dalili ikizidi, muuguzi hupata ujumbe. Hakukuwa na dawa mpya yoyote. Walioripoti walikwenda chumba cha dharura mara chache zaidi, walidumu kwenye tiba kwa muda mrefu zaidi, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 31.2, ilhali kwa wenzao ilikuwa miezi 26. Maelezo yake ni ya akili ya kawaida tu. Mtu akitapika siku nne nyumbani akinyamaza hadi tarehe ya kliniki, atafika amekauka maji, tiba itaahirishwa, nguvu zitapungua. Akisema siku ya kwanza, apewa kidonge. Sisi hatuhitaji kompyuta ya New York kwa hilo. Daftari la shule, kalamu, na nambari ya simu ya muuguzi wa kliniki vyatosha kuanzia, na kijana mmoja wa nyumbani wa kuandika kila jioni bila kukubali jibu la "sijambo".

Dawa ghali isiyomfaa mtu

Kuna upande mwingine ambao wauza dawa hawautangazi. Dawa inaweza kuchelewesha uvimbe kukua, picha zikapendeza, na mgonjwa asiishi zaidi wala asiishi vizuri zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu dawa ya bevacizumab kwa saratani ya titi iliyosambaa, kwa sharti kwamba tafiti zaidi zithibitishe. Tafiti zikaja: uvimbe ulicheleweshwa kiasi, maisha hayakurefuka, ubora wake haukuboreka, na madhara kama shinikizo la damu na kuvuja damu yalikuwepo. Novemba 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa, japo dawa yenyewe inaendelea kutumika kwa saratani nyingine. Si kisa cha peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ ulitazama dawa 48 za saratani zilizoidhinishwa Ulaya kati ya 2009 na 2013, kwa matumizi 68. Katika matumizi 39, dawa iliingia sokoni bila ushahidi kwamba inarefusha maisha au inayaboresha.

Kwa hivyo mtu akija na karatasi ya dawa ya laki kadhaa kwa mwezi, swali la kumuuliza daktari si "ni nzuri?" Kila mtu atasema ni nzuri. Muulize: katika utafiti wake, waliotumia waliishi muda gani zaidi ya wasiotumia, na walikuwa na hali gani? Daktari anayejua kazi yake hatachukia.

La kukaribia mwisho ni chungu zaidi. Mwaka 2015, Holly Prigerson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuata wagonjwa 312 wa saratani isiyoponyeka. Wale waliokuwa na nguvu bado, wakitembea na kujifanyia mambo yao, ndio waliopata wiki ya mwisho mbaya zaidi walipopewa tibakemikali karibu na kifo. Na hawakuishi zaidi. Mazoea yetu ni kusema, "Huyu ana nguvu, apigwe dawa." Utafiti huo unataka tutue kwanza, tuulize dawa inakwenda kumfanyia nini.

Hilo halizungumziki ikiwa mgonjwa mwenyewe hajui anaumwa nini. Huku kwetu ni kawaida: "Msimwambie mama, moyo wake hautaweza." Watoto wanajua, jirani anajua, mama ambaye dawa zinaingia mwilini mwake anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tusidhani lakini kwamba kwa Wazungu mambo yamenyooka. Mwaka 2012 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 1,193 waliokuwa na saratani iliyosambaa ulikuta kwamba asilimia 69 ya wenye saratani ya mapafu na asilimia 81 ya wenye saratani ya utumbo mpana hawakuelewa kwamba tibakemikali wanayopata haielekei kuwaponya. Waliomsifu daktari wao kwa kuzungumza vizuri ndio waliokosea zaidi. Maneno matamu yalikuwa yamefunika habari.

Mofini

Maumivu ndiyo yanayoshusha alama za hojaji karibu kila nchi, na dawa yake kuu ni ya zamani na ni rahisi. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya tiba ya maumivu ya saratani mwaka 1986: huanza na vidonge vya kawaida, na maumivu yakizidi hupandwa hadi mofini. Ya kunywa huchanganywa kutokana na unga, ikawa dawa ya maji. Uganda iliwatangulia wengi: Hospice Africa Uganda ilianzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa kuiandika.

Hofu ya familia huwa ni uraibu, na kwa watu wa Mombasa, Malindi na Lamu walioona vijana wao wakiharibiwa na unga, hofu hiyo ina msingi wake. Lakini mofini ya kunywa kwa kipimo cha daktari, kwa saa maalumu, kwa mtu mwenye maumivu ya saratani, ni jambo tofauti, na uraibu kwa wagonjwa kama hao si jambo la kawaida. Tatizo la kila siku ni kufunga choo, na humpata karibu kila anayeitumia. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ile ile. Isipoandikwa, iulize kabla hujatoka dirishani.

Ukiombwa kuingia katika utafiti

Tafiti zote hizi zimewezekana kwa sababu kuna wagonjwa waliokubali. Huenda nawe au mzazi wako mkaombwa. Kenya, utafiti juu ya watu lazima upitishwe na kamati ya maadili inayotambuliwa, uwe na kibali cha NACOSTI, na ukiwa ni wa dawa upitishwe pia na Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa huelezwa kusudi, faida, madhara, na njia mbadala, kisha ndipo atie sahihi au kidole. Anaweza kukataa. Anaweza kuingia leo akatoka kesho, na matibabu yake ya kawaida yasiguswe kwa hilo.

Uliza ni awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza hutafuta kipimo kilicho salama, kwa watu wachache, na faida kwa mgonjwa mwenyewe ni ya kubahatisha. Ya tatu hulinganisha dawa mpya na ya kawaida kwa watu wengi. Uliza pia kama watapima ubora wa maisha au watapima uvimbe pekee, na ni nani atakayelipa nauli na vipimo vya ziada. Anayekudai pesa ili uingie katika "utafiti" wa dawa yake ya saratani, iwe ya chupa au ya mizizi, mtake akuonyeshe barua ya kamati ya maadili kwanza. Fomu ikiwa ya Kiingereza kitupu, taka ya Kiswahili, na uipeleke nyumbani isomwe kwa utulivu. Nambari ya simu ya kamati huwa imeandikwa humo, na mgonjwa au mtu wake yeyote anaruhusiwa kuipiga.